Kuaminika kwa Vipimo: Somo Kutoka Picha za Saratani ya Matiti

Mkulima wa Rungwe Mpya, katika Wilaya ya Kasulu, apelekapo maharage yake sokoni huitazama mizani kabla ya kuuliza bei. Anafahamu kwamba mizani iliyopotoka humwibia bila kelele, na kwamba bei nzuri juu ya mizani mbovu si bei nzuri. Serikali nayo inafahamu hivyo. Ndiyo sababu mizani ya biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri. Lakini mama wa nyumba hiyo hiyo apelekwapo hospitali ya mbali kwa ajili ya uvimbe wa titi, akarudi na karatasi yenye tarakimu, ni nadra mtu kuuliza lile swali la sokoni: je, chombo kilichotoa tarakimu hii kimehakikishwa? Kama mama huyu angepimwa tena siku ile ile, tarakimu ingekuwa hiyo hiyo?

Swali hilo si la wataalamu wa hospitali peke yao. Ni swali la fizikia, na mahali pake pa kwanza ni darasa la sekondari. Rai inayotetewa hapa ni kwamba nchi yenye mashine chache ndiyo inayohitaji zaidi kujua kiasi cha kosa la kila mashine. Na kwamba tarakimu inayotolewa bila kutaja kosa lake haijakamilika, hata ikiwa imetoka katika chombo cha thamani kubwa. Mfano unaofaa kulieleza jambo hili ni njia mpya ya kupiga picha za matiti kwa kupima mwendo wa maji mwilini.

Maji yasiyotulia

Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown alitazama kwa hadubini chembe ndogo sana zilizoelea ndani ya maji, akaona kwamba hazikutulia hata kidogo. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza sababu: molekuli za maji zenyewe zimo katika mwendo usiokoma, nazo huzigonga chembe hizo kutoka pande zote. Mwalimu adondoshapo punje ya potasiamu pamanganeti ndani ya bilauri ya maji, rangi ya zambarau inayoenea polepole ni ushahidi wa mwendo huo huo. Huo ndio mtawanyiko.

Ndani ya mwili wa binadamu maji hutawanyika vivyo hivyo, lakini hayako huru. Katika muda wa sehemu 50 za elfu za sekunde, molekuli ya maji yaliyo huru kwenye joto la mwili husogea kwa wastani kiasi cha milimita 0.03 hivi. Umbali huo unazidi upana wa seli nyingi za mwili. Kwa hiyo kabla muda huo haujaisha molekuli hukutana na kuta za seli na kuzuiwa. Mfano wake ni mtu anayetembea bila kukusudia mahali: kwenye uwanja mtupu atafika mbali, bali katikati ya gulio lililojaa watu atajikuta karibu pale pale alipoanzia. Katika uvimbe wa saratani, aghalabu seli huzaliana na kusongamana, na maji yaliyo baina yake huwa kama mtu huyo wa gulioni.

Mashine ya MRI ina sumaku yenye nguvu nyingi, nayo husikiliza mawimbi ya redio yanayotoka katika viini vya haidrojeni vilivyomo ndani ya maji ya mwili. Mwaka 1965 E. O. Stejskal na J. E. Tanner walieleza njia ya kupima mtawanyiko kwa misukumo miwili mifupi ya sumaku. Msukumo wa kwanza huziwekea molekuli alama kwa kadiri ya mahali zilipo. Wa pili hufuta alama hizo. Molekuli iliyotulia hufutiwa alama yake kabisa; iliyosogea haifutiki sawasawa, na ishara yake hupungua. Katika miaka ya 1980 Denis Le Bihan wa Ufaransa aliiunganisha njia hiyo na upigaji picha, na tangu hapo kila nukta ya picha iliweza kupewa tarakimu yake ya mtawanyiko.

Faida zake ni dhahiri. Njia hii haitumii miali ya eksirei wala haihitaji kumchoma mgonjwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Maji yaliyo huru kwenye joto la mwili yana mtawanyiko wa milimita za mraba 0.003 kwa sekunde. Katika tishu za kawaida za tezi za titi kipimo hicho huwa kiasi cha 0.0018 hadi 0.002, na katika saratani nyingi za titi hushuka hadi karibu na 0.001. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo iliyowatia wataalamu matumaini.

Hesabu ya tarakimu

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano au cha Sita anaweza kuifanya hesabu hii mwenyewe. Mashine hupiga picha mara mbili: mara moja bila misukumo ya sumaku, na mara nyingine ikiwa na misukumo hiyo kwa nguvu inayojulikana, ambayo huandikwa kwa herufi b. Ishara hupungua kwa kanuni ya kipeo, kama vile mada ya nururifu inavyopungua kwa wakati. Mtawanyiko hupatikana kwa kuchukua logi asilia ya ishara ya kwanza iliyogawanywa kwa ya pili, kisha kugawanya jibu kwa b.

Tuseme ishara ya kwanza ni 1,000, ya pili ni 449, na b ni 800. Logi asilia ya 1,000 juu ya 449 ni 0.80, ukigawanya kwa 800 unapata 0.0010. Sasa tuseme mgonjwa alipumua kwa nguvu, au kelele za umeme ziliingia, na ishara ya pili ikasomwa 470 badala ya 449. Jibu litakuwa 0.00094. Na ikisomwa 429, jibu litakuwa 0.00106. Uvimbe ni ule ule, mama ni yule yule, lakini kosa la ishara lisilofika asilimia 5 limezaa kosa la asilimia 6 hivi katika jibu.

Mianya ya makosa haiishii hapo. Titi lina mafuta mengi, na maji ya mafuta hayapo: ishara ya mafuta isipozimwa barabara huchanganyika na ya maji na kuharibu hesabu. Misukumo ya sumaku huwa sahihi zaidi katikati ya mashine na hupotoka kadiri mtu aendavyo pembeni; nayo matiti, kwa maumbile yake, hulazwa mbali na kitovu cha mashine. Hatimaye kuna mkono wa binadamu: mtaalamu huchora mpaka wa uvimbe juu ya picha, na wataalamu wawili hawachori mpaka mmoja.

Maana ya asilimia 13

Makosa haya yamepimwa. Nchini Marekani utafiti uitwao ACRIN 6698 uliwafuata wanawake wenye saratani ya titi waliokuwa wakitibiwa kwa dawa kabla ya upasuaji. Baadhi yao walipimwa mara mbili siku moja katika mashine ile ile: walitolewa, wakapumzika, wakarudishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba vipimo viwili vya mtu mmoja hutofautiana kwa wastani wa asilimia 4.8.

Mtu anaweza kuridhika kwamba asilimia 4.8 ni kidogo. Lakini daktari hatafuti kujua kipimo kimoja. Anatafuta kujua kama kumekuwa na badiliko baina ya vipimo viwili, na kila kimoja kina kosa lake. Kanuni za takwimu husema kwamba, ili mtu awe na uhakika wa asilimia 95 kuwa badiliko ni la kweli, sharti lizidi kosa hilo mara 2.77. Mara 2.77 ya 4.8 ni 13 na kitu. Kwa hiyo uvimbe uliokuwa na kipimo cha 0.00100 kabla ya dawa, na baada ya wiki kadhaa ukawa na 0.00110, umepanda kwa asilimia 10. Na hakuna mwenye haki ya kutamka kuwa dawa imefanya kazi. Ukipanda hadi 0.00120, hapo kuna jambo la kusemwa.

Utafiti huo huo ulitoa funzo jingine mwaka 2018. Katika wanawake 242, badiliko la mtawanyiko baada ya wiki 12 za dawa lilisaidia kutabiri nani ambaye saratani yake ingetoweka, lakini kwa kiasi cha wastani tu; vipimo vya mapema zaidi havikutabiri. Njia hii basi si ramli, wala si ya kutupwa. Ni chombo chenye mipaka, na thamani yake imo katika kuijua mipaka hiyo.

Hatari huonekana zaidi pale ambapo tarakimu moja inageuzwa kuwa uamuzi. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba uvimbe wenye mtawanyiko unaozidi 0.00153 ungeweza kuachwa bila kukatwa kinyama cha kuchunguzwa, na kwamba kwa kufanya hivyo idadi ya wanaokatwa ingepungua kwa asilimia 20 hivi bila kupoteza saratani hata moja katika wanawake waliochunguzwa. Hiyo ni habari njema. Lakini tuseme uvimbe wa mama mmoja una mtawanyiko wa kweli wa 0.00150. Kosa la asilimia 5 tu linatosha kuufanya usomwe 0.00157. Kwa kipimo cha kwanza angepelekwa kuchukuliwa kinyama. Kwa cha pili angerudishwa nyumbani. Na zipo saratani, kama zile zenye ute mwingi, ambazo mtawanyiko wake huwa juu hata pasipo kosa lolote la mashine.

Mgonjwa wa mbali

Hapa ndipo habari hii inapowahusu wakazi wa nyanda za juu za Kasulu na Kibondo. Mashine za MRI nchini zimo katika hospitali kubwa chache. Mgonjwa kutoka Rungwe Mpya huanzia zahanati, akapita hospitali ya wilaya na ya mkoa, kisha huenda akaelekezwa Mwanza au Dar es Salaam. Reli ya Kati peke yake, kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, ina urefu unaozidi kilometa 1,200. Tathmini ya huduma za saratani ya titi nchini ya mwaka 2017 ilieleza kwamba takriban asilimia 80 ya wagonjwa hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Sababu si umbali peke yake, lakini umbali umo.

Mwanamke akaaye jirani na hospitali kubwa, kipimo chake kikitiliwa shaka, huitwa tena wiki inayofuata. Wa Rungwe Mpya huenda hana nauli ya kurudi, na shamba lake haliwezi kumngoja. Pengine kipimo cha kwanza atakipata katika mji mmoja na cha pili katika mji mwingine, kwa mashine ya kampuni nyingine. Ile asilimia 13 ilipatikana kwa mashine ile ile na mikono iliyofunzwa; mashine zikiwa mbili zisizolinganishwa, pengo linaweza kuwa kubwa zaidi. Basi anayepimwa mara moja ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kipimo cha kuaminika, kwa kuwa hana mara ya pili ya kumsahihishia ya kwanza.

Muhuri wa barafu

Jambo la kutia moyo ni kwamba mashine hii ya fedha nyingi inaweza kukaguliwa kwa kitu rahisi kabisa, yaani barafu. Kasi ya mtawanyiko wa maji hutegemea joto. Kwenye nyuzi 20 za sentigredi ni 0.0020, kwenye nyuzi 30 ni 0.0026. Chupa ya maji ikipimwa asubuhi ya baridi na nyingine katika joto la mchana wa Dar es Salaam, majibu yatatofautiana kwa zaidi ya robo, na mashine haina kosa lolote. Kwa hiyo wataalamu hutia mrija wa maji safi ndani ya chombo kilichojaa barafu na maji, wakangoja hadi joto litulie kwenye nyuzi 0. Hapo mtawanyiko ni 0.0011, Mwanza na Marekani, masika na kiangazi. Mashine ikisoma 0.0012, imekosea kwa asilimia 9, nayo sharti irekebishwe. Mrija ukiwekwa mahali matiti yanapolazwa, kosa la pembeni nalo hudhihirika.

Mwalimu wa nyanda za juu atalitambua jambo hili mara moja. Vitabu vya shule husema kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Lakini penye mwinuko wa mita 1,300 maji huchemka karibu na nyuzi 96, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Mwanafunzi aliyesahihisha kipimajoto chake kwa maji yanayochemka, akaandika 100 kwa kufuata kitabu, amekipotosha kwa nyuzi 4. Barafu inayoyeyuka haibadiliki hivyo. Kimo cha mlima hakiigusi kwa kiasi cha kuonekana. Kinachofaa kuwa kigezo ni kile kisichobadilika mahali pabadilikapo.

Hoja ya upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo haya ni anasa. Watauliza: je, si bora kwanza kila wilaya iwe na ultrasaundi, na kila mama afundishwe kumwona mganga mara aonapo uvimbe, kuliko kubishana juu ya asilimia 5 za MRI? Hoja hiyo ina nguvu, na sehemu yake kubwa ni ya kweli. Uvimbe unaoshikika mkononi hauhitaji MRI ili ushughulikiwe. Uchunguzi wa mganga, ultrasaundi na kuchukua kinyama ndiyo njia itakayookoa wengi kwa gharama ndogo, na si busara MRI iwekwe mbele ya hayo.

Lakini hoja hiyo haiondoi haja ya kuaminika, inaieneza. Ultrasaundi nayo hupima ukubwa wa uvimbe, na wapimaji wawili hawapati urefu mmoja. Kinyama kilichokatwa pembeni ya uvimbe huweza kukosa saratani iliyopo. Mizani ya kliniki isipokuwa sawa, kipimo cha dawa kinachokadiriwa kwa uzito nacho hakiwi sawa. Tofauti ni kwamba mashine kubwa hutoa tarakimu yenye desimali nyingi, na desimali huwapumbaza watu. Kinachopendekezwa hapa hakihitaji mashine mpya. Kinahitaji desturi mpya juu ya zilizopo.

Desturi hiyo ina mambo matatu. Kwanza, kila hospitali itumiayo njia hii ifanye jaribio la barafu kwa zamu inayojulikana, na majibu yaandikwe katika daftari ambalo mkaguzi anaweza kulifungua. Pili, kila tarakimu apewayo daktari iambatane na kiasi cha kosa lake, ili badiliko la asilimia 10 lisipokelewe kama habari ya kupona wala ya kukata tamaa. Tatu, mgonjwa anayefuatiliwa apimwe, kadiri iwezekanavyo, kwa mashine ile ile na kwa utaratibu ule ule. Na hilo likishindikana, iandikwe wazi.

Kazi ya shule

Jambo la nne ni la walimu. Watakaoziendesha mashine hizi miaka kumi ijayo wamo madarasani leo, katika Kasulu na Kibondo kama kwingineko. Kama wamezoezwa kupima mara moja, kuandika jibu linalofanana na la kitabu na kufuta lisilofanana, wataipeleka tabia hiyo hospitalini.

Tanzania ina mfano wake katika jambo hili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, alipokuwa mwanafunzi, aliona kwamba maziwa ya moto yaliganda kuwa aiskrimu kabla ya yale yaliyopoa. Alichekwa, lakini hakufuta alichokiona. Alirudia na kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakachapisha habari hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo vya namna hiyo na kuonyesha kwamba kukiweka kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu kunaweza kubadili jibu la nani aliyepoa kwanza. Mjadala haujamalizika, na hilo halimpunguzii Mpemba heshima. Wote wawili, aliyeona na aliyetilia shaka, walifanya kazi ya sayansi kwa kurudia.

Zoezi lake halina gharama. Wanafunzi kumi wapime kwa zamu joto la maji yenye barafu, au muda wa pendulamu moja, kila mmoja akificha jibu lake hadi wote wamalize. Kisha majibu yaandikwe ubaoni yote, bila kufutwa hata moja, na darasa litafute wastani na mtengano wake. Atakayeuliza ni jibu la nani lililo sahihi aelezwe kwamba mtengano ule nao ni jibu.

Saratani ya titi ni ya pili kwa wingi miongoni mwa saratani za wanawake nchini, baada ya ile ya shingo ya kizazi. Mashine zitaongezeka, na ni heri ziongezeke. Lakini mashine haina dhamiri. Hutoa tarakimu iwe imepima vema au vibaya, kwa sura ile ile ya uhakika. Dhamiri ni ya mtu aliyefundishwa kuuliza, na mtu huyo hufundishwa kabla hajafika hospitalini.